Kozi ya Kiingereza ya wiki 25 Galway, Ayalandi: aliyewahi kusoma huko naomba ushauri

Binti wa Karatu:

Habari zenu, wakubwa shikamooni.

Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja huku Karatu, huu mwaka wa nne. Kiingereza cha kuandika ninacho, barua pepe za wageni najibu mwenyewe. Shida yangu ni mdomo. Juzi mama mmoja mgeni aliniuliza kwa nini Wahadzabe wa kule Eyasi hawalimi. Jibu ninalo lote, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw ningemweleza mpaka chai ipoe. Nikafungua kinywa yakatoka maneno matatu. Akatabasamu, akaenda zake chumbani. Usiku ule sikulala vizuri.

Nimeweka akiba miaka mitatu, ya mshahara na ya vitunguu (baba ana shamba Mang'ola, ekari moja alinipa nilime mwenyewe). Nimeomba kozi ya wiki 25 Galway, magharibi ya Ayalandi, na chuo kimenikubali. Niliuchagua mji huo kwa sababu dada mmoja mgeni wetu alitoka huko, na ndiye mzungu wa kwanza ambaye sikuogopa kuongea naye.

Sasa mjomba wangu aliye Uingereza anasema Ayalandi hakuna Kiingereza cha maana, lafudhi yao nzito, bora London. Baba anauliza kama kuna watu weusi na kama watanipokea. Mimi naogopa kumaliza hela halafu nirudi na maneno yale yale matatu. Aliyefika anieleze ukweli.

Mkazi wa Likoni:

Dada, usikasirike, lakini hesabu tena. Kwa nauli tu ya kwenda huko unaweza kukaa Nairobi miezi kadhaa, ukasoma na ukaongea Kiingereza kutoka asubuhi hadi usiku. Hela ya vitunguu ina jasho. Kama lengo ni mdomo, mdomo unafunguka hata hapa jirani.

Mwanapangani:

Mdogo wangu Binti wa Karatu, marahaba.

Nilisoma Galway kuanzia Septemba 2023 hadi Mei 2024. Mimi ni mtu wa Pangani, nilikuwa karani wa stoo Tanga mjini, na nilienda nikiwa na miaka 34, mkubwa kuliko wote darasani. Wenzangu wengi walikuwa Wabrazili, wachache Wameksiko na Wahispania. Mswahili nilikuwa peke yangu, na hilo lilinisaidia kuliko nilivyotegemea.

Nianze na lafudhi, kwa sababu mjomba wako hakosei. Wiki mbili za kwanza sikuambulia kitu. Lakini sikiliza kilichotokea kituo cha basi pale Eyre Square, uwanja ulio katikati ya mji. Nimesimama, manyunyu yanadondoka, bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu akanigeukia akasema, "Soft day, thank God," yaani leo ni manyunyu tu, ashukuriwe Mungu. Nikatazama juu, nikajibu kama kitabu kilivyonifundisha: mvua inanyesha. Akasema ndiyo, inanyesha, akaniuliza nimetoka wapi, kwetu mvua ikoje, mama yangu hajambo? Basi lilipofika tukakaa kiti kimoja. Nikaja kuelewa kwamba hali ya hewa kwao ni hodi, kama sisi tunavyoanza na "umeamkaje" ndipo "za nyumbani, za watoto". Ukijibu hodi, mlango unafunguliwa. Na abiria akishuka kwenye basi anamshukuru dereva kwa sauti, kila mtu, mtoto na mzee. Siku ya kwanza niliyomshukuru dereva bila kujifikiria nilihisi nimeingia mjini.

Sasa jambo ambalo hakuna wakala atakayekuambia. Kiingereza chao kina vitu Mswahili anavitambua. Shuleni tulipewa "you" moja, ya mtu mmoja na ya watu kumi. Galway wana "ye" ya watu wengi, yaani wanatenganisha wewe na ninyi, kama sisi. Nilikuwa naosha vyombo jikoni kwenye hoteli moja Salthill, mtaa wa ufukweni, siku moja kijana akaingia amelowa, akasema "I'm after missing the bus." Mimi nikadhani analitaka hilo basi, nikamwonyesha saa ya linalofuata. Mpishi akanieleza: maana yake amelikosa sasa hivi tu. Mwalimu wetu akatuambia msemo huo umetoka kwenye Kiayalandi, lugha yao ya asili. Watu walipohamia Kiingereza walihama na mifupa ya lugha ya zamani. Nikawaza, mbona sisi tunasema "nimetoka kula" na hakuna aliyetoka mahali popote? Tangu siku ile sikuusahau msemo huo. Kiayalandi hakina neno moja la "ndiyo" wala "hapana", unajibu kwa kitenzi, na hata katika Kiingereza utawasikia: utakunywa chai? Nitakunywa. Umemaliza? Nimemaliza. Mimi nilijibu hivyo tangu mwanzo kwa sababu ndivyo tunavyojibu kwetu, na hakuna aliyenishangaa.

Mkazi wa Likoni, kaka, hesabu yako ni sahihi na ningekuwa na miaka 20 ningekusikiliza. Ila mimi nilishaongea Kiingereza na Waafrika wenzangu miaka yote, na kila sentensi nilikuwa naikagua kwanza kama nimekosea. Najua ulikoanzia ukaguzi huo. Kidato cha kwanza, shule niliyosoma, ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, kamba ya katani na ubao wa ukubwa wa daftari, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akikosea umpe yeye. Jioni aliyenacho anachapwa. Mimi nilikuwa nacho mara nyingi. Nilijifunza kunyamaza, kwa sababu mtoto aliyenyamaza havishwi kitu.

Mwezi wa pili kule, mwalimu alituonyesha picha ya kijiti chenye alama za kisu. Karne ya 19 mtoto wa Ayalandi alifungwa kijiti shingoni, na kila alipotamka neno la Kiayalandi kilikatwa alama moja. Mwisho wa siku alama zinahesabiwa na anachapwa kwa hesabu hiyo. Mara nyingi wazazi wenyewe waliunga mkono, maana baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na wengine kama hao wakahama, Kiingereza kilionekana ndiyo tiketi ya meli. Niliinua mkono nikasema na mimi nilivaa. Darasa zima likageuka. Mwalimu aliacha somo, akakaa juu ya meza, akaniomba nieleze. Nilieleza kwa Kiingereza kibovu dakika kumi nzima, na hakunisahihisha hata neno.

Ndiyo sababu nakuambia nenda. Uko katikati ya watu ambao Kiingereza kiliwakuta wakiwa na lugha yao, na bado wanajua kilichopotea. Ukipanda basi kuelekea magharibi kando ya ghuba, kufika An Spidéal tu, mabango ya barabarani ni ya Kiayalandi na dukani utawasikia wakiongea. Ukisema "go raibh maith agat", yaani asante, muuza duka anakushika mkono.

Kuhusu swali la baba yako, mwambie hivi, na usimpunguzie. Watu weusi wapo: Wanigeria, Wakongo, Wazimbabwe, wauguzi wengi hospitalini. Mimi nilipokewa vizuri sana. Lakini Novemba 2023 nikiwa huko zilitokea ghasia Dublin dhidi ya wahamiaji, na Desemba hoteli iliyokuwa ipokee waomba hifadhi ilichomwa moto Rosscahill, si mbali na Galway. Usiku mmoja kwenye basi vijana wawili walinitolea maneno. Mwanamke aliyekuwa nyuma alihama kiti akaja kukaa pembeni yangu, akaniuliza habari za masomo kana kwamba tunafahamiana, mpaka nikashuka. Yote mawili yalitokea, na baba ayajue yote mawili.

Sasa mambo ya karatasi, usome polepole.

Hakikisha kozi yako imo kwenye orodha inayotambuliwa na uhamiaji wao, wakati wangu iliitwa ILEP. Isipokuwemo, viza hupati. Mwaka 2014 na 2015 vyuo kadhaa vya lugha vilifungwa ghafla Dublin na wanafunzi waliokwisha kulipa wakabaki barabarani, kwa hiyo uliza kwa maandishi: chuo kikifungwa nani ananilinda, na viza ikikataliwa narudishiwa kiasi gani? Kozi ya wiki 25, saa 15 za darasani kwa wiki, inakupa kibali cha miezi minane. Ukifika unajiandikisha uhamiaji ndani ya siku 90, kadi ya ukaazi ni euro 300, zitenge kabisa usiziguse. Bima ya afya ni lazima. Mahudhurio wanayahesabu kwelikweli, chini ya asilimia 85 unajiharibia. Kufanya kazi unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ila usiende ukitegemea hizo. Mimi nilipata kazi mwezi wa tatu.

Viza ya Ayalandi si ya Uingereza wala si ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Usikubali tiketi inayobadilisha ndege London, Mtanzania huombwa viza hata ya kupita tu. Pitia Doha au Dubai. Na hili liandike mkononi: mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini huuoni, hakuna geti wala askari, basi linapita tu. Wanafunzi wenzako watapanga safari ya Belfast na watakuita. Bila viza ya Uingereza umevunja sheria ya nchi nyingine bila kujua. Kumtembelea mjomba nako ni hivyo hivyo.

Nyumba ndiyo vita yenyewe. Nchi nzima nyumba za kupanga ni haba, na Galway ni mji mdogo wa watu elfu themanini na kidogo wenye chuo kikuu kikubwa. Wakala mmoja wa Dar alinichukulia hela ya chumba cha miezi mitatu. Nilifika na begi, saa mbili usiku, kwenye anwani aliyonipa, akafungua mzee ambaye hajawahi kupangisha chumba maishani. Alinikaribisha ndani, akanichemshia chai, akanipigia simu chuoni mwenyewe. Wewe lipa malazi kupitia chuo moja kwa moja, familia mwenyeji kwa wiki nne za mwanzo angalau, na chumba kingine ukitafute ukiwa umesimama mbele yake.

Mwana wa Kivu:

Jambo kwenu. Mimi mtu wa Goma, nilijifunza Kiingereza Kampala kama wenzetu wengi wa Kivu, na sasa nina mwaka wa sita Ayalandi, Limerick. Namuunga mkono dada Mwanapangani juu ya nyumba, hajaongeza chumvi.

Neno langu moja. Kampala nilijifunza sarufi na ilinibeba. Lakini nilikuwa naishi na Wakongo, nakula na Wakongo, nasali na Wakongo. Ningeshauri dada wa Karatu ajiulize ataishi na nani kabla hajauliza atasoma wapi. Huku ukipanga nyumba na watu wa lugha moja, hata wakiwa Wabrazili, utarudi na Kireno.

Na baridi si kali kama watu wanavyodhani, theluji ni nadra. Kinachochosha ni giza.

Binti wa Karatu:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Dada Mwanapangani, nimesoma mara tatu ile habari ya kibao. Na mimi nilivaa.

Nimemsomea baba kila kitu, hata la hoteli iliyochomwa. Amenyamaza, halafu akauliza: huyo mama aliyehama kiti alikuwa mzungu? Nikamwambia nadhani ndiyo.

Maswali mawili tu. Hilo giza likoje? Na je, mdomo wako ulifunguka kweli, au ulizoea tu?

Mwanapangani:

Alikuwa mzungu, ndiyo. Mwambie baba.

Giza: Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini hivi za jioni, na asubuhi saa tatu kasoro bado hujaliona. Katikati ya Novemba ilikuja dhoruba waliyoiita Debi, bahari ikaingia kwenye maduka ya vijiji vya kando ya ghuba. Januari nililia mara mbili bila sababu ninayoweza kuitaja. Dawa yangu ilikuwa kutembea Salthill, ile njia ndefu ya ufukweni. Mwisho wake kuna ukuta, na kila mtu akifika anaupiga teke kidogo ndipo anageuka. Hakuna anayejua kwa nini. Niliupiga teke kila siku ya Mungu hata upepo ukiwa wa kunibeba, na daima kulikuwa na mtu pale wa kuniambia upepo leo ni mkali. Kwenye mnara wa kurukia majini wa Blackrock, hapo hapo Salthill, wapo wanaoogelea Januari. Wazee kabisa. Wanatoka wekundu, wanakunywa chai ya chupa, wanakuuliza wewe utaingia lini.

Halafu mambo yanageuka. Ramadhani ilianza Machi nikifuturu saa kumi na mbili na nusu jioni, ikaisha Aprili nikifuturu saa mbili na kupita, mwezi huo huo mmoja. Mama mwenye nyumba, Mkatoliki, alikuwa anaangalia saa kuliko mimi. Mei ukisimama daraja la Salmon Weir, karibu na kanisa kuu, unatazama mto Corrib chini ukikimbia kama unadaiwa, na samaki wamejipanga vichwa wakiuelekea mkondo, hawasogei mbele wala nyuma, wanatikisa mikia tu.

Mdomo. Nitakueleza siku yenyewe, maana naijua. Ilikuwa Aprili mwishoni, tulienda Inis Mór, kikubwa kati ya visiwa vitatu vya Aran. Unapanda feri Ros a' Mhíl, kama dakika arobaini. Kisiwa kizima ni mawe, na kuta za mawe zisizo na udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe, vishamba vidogo vidogo mpaka macho yachoke. Wenzangu walienda juu kwenye ngome ya Dún Aonghasa iliyo ukingoni mwa jabali, mimi goti lilinikataza nikabaki chini na mzee mwenye gari la farasi. Akaniuliza, kwenu mnajenga kwa nini?

Swali kama lile la mgeni wako. Haliko kwenye kitabu chochote.

Nikamweleza matumbawe. Jinsi yanavyokatwa yakiwa laini na yanavyokauka yakawa jiwe, jinsi chokaa inavyochomwa kwa magogo, nyumba za Pangani kando ya mto, gofu la msikiti kule Tongoni, na babu yangu aliyekuwa mwashi na mikono yake ilivyopasuka. Neno la chokaa sikulijua, nikamwonyesha kwa vidole unga mweupe unaounguza, akanipa neno lenyewe. Akanifundisha jinsi ya kuchagua jiwe la kuziba pengo, unaligeuza mara moja tu mkononi, ukiligeuza mara ya pili umeshakosea, chukua jingine. Wenzangu waliporudi kutoka juu walinikuta bado naongea. Ilikuwa imepita saa nzima na ushei na sikuwa nimekagua sentensi hata moja.

Siku chache baadaye niliona mashua ya zamani ya Galway ikiingia ghubani, tanga la rangi ya udongo mwekundu, na mtu mmoja pembeni yangu akaanza kunieleza. Nikamwacha amalize, kisha nikamweleza ngalawa na mashua za kwetu.

Kwa hiyo wiki 25 zinatosha kufungua. Kujaza ni kazi yako ukirudi, na wewe una wageni kila siku mlangoni, mimi nilirudi stoo.

Mwisho nguo. Usinunue mwavuli, upepo wa Galway unaugeuza siku ya kwanza. Koti refu lenye kofia, lisilopitisha maji, na viatu vinavyofika kifundoni. Chaja zako beba hizo hizo, soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Koti langu bado ninalo, lipo kwenye begi juu ya kabati, halina kazi Pangani. Kama unavaa saizi ya kati niambie, Jumatatu nalipeleka Tanga likapande basi la Arusha.